Zimwi Lenye Mama

Mwaka 1978 John Carpenter alimsimamisha mtoto wa miaka 6 mbele ya nyumba yao katika mji wa kubuni wa Haddonfield, kisu mkononi, damu ya dada yake haijakauka. Wazazi wanafika, wanamvua barakoa, na usoni hamna cha kusoma: hakuna hasira, hakuna majuto, hakuna hata furaha. Kamera inapanda na kurudi nyuma polepole, kana kwamba nayo inaogopa kukaribia. Miaka 29 baadaye Rob Zombie aliitengeneza upya filamu hiyo, Halloween, na kamera yake ikaingia ndani ya nyumba. Alituketisha jikoni asubuhi. Tukamsikia bwana wa mama akiporomosha matusi, tukamwona mama ambaye usiku hucheza nusu uchi klabuni ili watoto wale, tukasikia kichanga kikilia, na ghorofani tukamkuta Michael Myers wa miaka 10 akinawa damu ya panya aliyekuwa akimfuga mwenyewe. Uamuzi huo mmoja uliwagawa mashabiki wa filamu za kutisha Agosti 2007, na hadi leo hawajapatana.

Zombie alishazoea kugombaniwa. Alizaliwa mwaka 1965 huko Haverhill, Massachusetts, akajulikana kwanza kwa roki nzito akiwa na bendi ya White Zombie, iliyochukua jina la filamu ya mwaka 1932 aliyoigiza Bela Lugosi. Filamu yake ya kwanza, House of 1000 Corpses, ilipigwa mwaka 2000 kwa fedha za Universal. Studio ilipoiona iliingiwa na wasiwasi, ikaiweka kabatini, na haikuonekana katika majumba ya sinema hadi mwaka 2003 ilipochukuliwa na Lions Gate. Tangu hapo kila kazi yake imepokelewa kwa namna ileile. Upande mmoja unasema huyu ndiye aliyerudisha vumbi, jasho na uhayawani wa filamu za miaka ya 1970, zile za Tobe Hooper na Wes Craven, wakati Hollywood ilikuwa imejaza sinema vijana wenye nyuso safi na muziki wa kushtua. Upande wa pili unasema ni mpiga kelele anayedhani ukatili na kitisho ni kitu kimoja. Wanabishana kuhusu kipaji, lakini kipaji sicho kiini cha ugomvi wao. Wanagombania maana ya kuogopa, na Kiswahili kinatusaidia kuliona hilo, kwa sababu hofu na kinyaa kwetu ni maneno mawili yasiyokaa chungu kimoja. Hofu huhitaji umbali: kitu kiko gizani, hakijafika. Kinyaa huhitaji ukaribu: kitu kimeshafika, kiko mkononi, kinanuka. Carpenter ni fundi wa umbali. Zombie hana uwezo wa kukaa mbali na chochote anachokipiga picha. Hoja yangu ni kwamba udhaifu wake na nguvu yake vimetoka humo humo, na kwamba filamu inayolaumiwa zaidi, Halloween ya 2007, ilianguka kwa sababu alikwenda karibu kisha akarudi nyuma katikati ya safari.

Hoja ya wanaompinga inastahili kusikilizwa yote kabla ya kujibiwa, maana ni hoja nzuri. Katika filamu ya 1978 muuaji aliandikwa kwenye orodha ya wahusika kama Umbo tu. Barakoa yake ilitokana na sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek, ikapakwa rangi nyeupe na kupanuliwa macho, na weupe huo ndio unaofanya kazi yote: kila mtazamaji anaujaza kwa hofu yake. Damu ni kidogo sana. Kinachotisha ni mtu aliyesimama kando ya kamba ya nguo mchana kweupe, kisha hayupo. Mwishoni daktari Loomis anampiga risasi, anaanguka kutoka ghorofani, tunachungulia, majani yamelala na mwili haupo, na filamu inafunga kwa vyumba vitupu na sauti ya pumzi. Ukimpa huyo utoto mgumu, wasema wapinzani, umempunguza. Umbo linakuwa faili la ustawi wa jamii. Mtoto aliyeonewa shuleni, aliyetukanwa nyumbani, aliyezoea kuua wanyama: hayo tumeyasoma magazetini, na lililosomwa gazetini halitutembelei usiku. Carpenter mwenyewe amelalamika hadharani kwamba Zombie alieleza mno. Mwenye kazi akisema hivyo, mashabiki wengi wanaona kesi imekwisha.

Lakini haijaisha, na ushahidi wa kwanza umo katika mfululizo wenyewe. Siri ya Michael Myers ilianza kuvuja mwaka 1981, si 2007. Katika Halloween II ya mwaka huo, iliyoandikwa na Carpenter na Debra Hill, tuliambiwa kwamba Laurie Strode, msichana aliyewindwa katika filamu ya kwanza, ni dada yake Michael. Siku hiyo uovu usio na sababu ukapata sababu, tena ya ukoo. Mwaka 1995 filamu ya sita ikaongeza madhehebu ya siri na laana ya kale. Kwa hiyo Zombie hakupokea siri iliyofungwa vizuri akaichana. Alipokea siri iliyokwisha kuchanwa na wenyewe, ikashonwa kwa uzi wa ovyo, akaamua kuivua nguo yote. Anayemlaumu kwa kueleza anapaswa kwanza kumlaumu aliyemfanya muuaji kuwa kaka, na mashabiki wengi hawafanyi hivyo, kwa kuwa filamu ya 1981 waliikuta wakiwa wadogo na wameshaizoea.

Kosa la filamu ya 2007 liko kwingine. Nusu ya kwanza inajenga jambo ambalo mfululizo huo haukuwa nalo kabla: uhusiano wa mama na mwana. Sheri Moon Zombie, mke wa mwongozaji, anamwigiza Deborah Myers kwa upole ambao wanaomdharau huusahau. Kuna kipande ambapo mtoto amekaa peke yake nje ya nyumba usiku wa Halloween, amevaa nguo za mchezo, hakuna wa kumpeleka kuomba pipi, huku filamu ikimrudia mama yake akicheza jukwaani. Ni huzuni tupu, haijatengenezwa kwa ajili ya kushtua. Kisha mauaji yanatokea, mtoto anafungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Smith's Grove, anaanza kujitengenezea barakoa za karatasi, anaacha kusema, mama anajiua. Hapo mtazamaji ameshakubali sharti la Zombie: tutamjua zimwi huyu hata kama kumjua kunauma. Na ghafla mwongozaji analivunja sharti lake mwenyewe. Miaka inaruka, Michael amekuwa jitu lililoigizwa na Tyler Mane, na nusu ya pili inapita mbiombio juu ya nyayo za Carpenter, tukio kwa tukio, ikiwa na damu zaidi na subira kidogo. Mwanaume huyu mwenye mama anatembea sasa kama Umbo lisilo na mama. Laurie na wenzake, ambao Carpenter aliwapa muda wa kutembea njiani na kuongea upuuzi wa kisichana mpaka tukawapenda, hapa wanafika wamechelewa. Kwa hiyo wapinzani wameona jeraha halisi ila wamekosea chanzo. Filamu ina maelezo ya kutosha. Kinachokosekana ni ujasiri wa kuyafuata hadi mwisho.

Ili kuona Zombie anakuwa nani anapofuata hadi mwisho, lazima kurudi miaka miwili nyuma, kwenye The Devil's Rejects ya 2005. Familia ya wauaji wa filamu yake ya kwanza, Otis, Baby na mzee Kapteni Spaulding aliyeigizwa na Sid Haig, sasa inakimbia polisi katika Texas ya mwaka 1978. Picha ilipigwa kwa filamu ya milimita 16, chembechembe zake zinaonekana, jua linachoma, na kila kitu kina vumbi. Tukio la moteli, ambamo Otis na Baby wanawashikilia wanamuziki na wake zao, ni refu kuliko mtu anavyoweza kulivumilia, na hilo ndilo kusudi. Hakuna mzaha wa kutupumzisha. Tunalazimika kuwaona mateka wakiwa watu wanaojadiliana, wanaotumaini, wanaosaliti, wanaolia. Kisha Zombie anafanya jambo la hila. Sherifu Wydell, ambaye kaka yake aliuawa na familia hii, anawakamata, anawafunga kwenye viti na kuwatesa kwa misumari, akiamini Mungu amempa ruhusa. Kwa lugha ya vibanda vya video, adui na steringi wamebadilishana viti, na mtazamaji aliyewachukia wauaji nusu saa iliyopita anajikuta akiwaombea wafunguliwe. Mwishoni wanaendesha gari moja kwa moja kwenye kizuizi cha polisi huku wimbo wa Lynyrd Skynyrd ukipanda, na picha inawaaga kama mashujaa.

Hapa ndipo lawama nzito kuliko zote inapotokea, na siipuuzi: kwamba Zombie anawapenda wauaji wake. Ni kweli anawapenda. Anawaangalia kwa jicho la shabiki aliyekua akishangilia mazimwi kwenye televisheni, na anawapa maneno bora, muziki bora na mwanga bora. Lakini katika The Devil's Rejects upendo huo umefanywa kuwa swali kwa mtazamaji. Hatuwezi kuwashangilia kwenye barabara ile bila kuikumbuka moteli, kwa sababu moteli ilichukua muda mrefu mno kusahaulika. Filamu inatunyima starehe ya kuchukia bila doa, na starehe ya kushangilia bila doa pia. Roger Ebert, ambaye hakuwa mtu wa kupenda ukatili ovyo, aliipa nyota tatu kati ya nne, na tathmini yake ilionesha alikuwa ameelewa kwamba chukizo lenyewe limesanifiwa kwa akili.

Lawama hiyo inashinda kwingine. Mwaka 2019 Zombie aliwafufua hao watatu katika 3 from Hell, akitueleza kwamba walinusurika risasi zote zile, na kwa kufanya hivyo akaung'oa mwisho ambao ulikuwa kazi yake bora. Sid Haig alikuwa mgonjwa, akaonekana kwa muda mfupi tu, akafariki Septemba mwaka huohuo. Pengo lake halikuzibika. Kilichobaki ni wauaji wanaochekesha na kuua watu ambao hatukupewa nafasi ya kuwajua. 31 ya mwaka 2016, iliyochangiwa fedha na mashabiki wenyewe, ina kasoro ileile: wafanyakazi wa maonesho ya tamasha wanatekwa na kuwindwa, na anayebaki kichwani ni Doom-Head, mwindaji aliyeigizwa na Richard Brake, anayeanza filamu kwa hotuba ndefu akitutazama usoni. Hotuba ni ya kusisimua. Mawindo hawana hotuba. Ukaribu wa Zombie unapokwenda upande mmoja tu, wapinzani wake wana haki kabisa, na mashabiki wanaotetea filamu hizi mbili kwa nguvu zilezile wanazotumia kutetea ya 2005 wanamharibia mtu wanayempenda.

Ndiyo maana filamu ya kuamulia kesi hii, kwa maoni yangu, ni Halloween II ya mwaka 2009, hasa lile toleo la mwongozaji lililotoka baadaye. Ilizomewa. Ile ya 2007 ilikusanya zaidi ya dola milioni 30 katika siku nne za kwanza na takriban milioni 80 duniani kote; hii ilipata kama nusu yake. Mashabiki walicheka farasi mweupe na mzuka wa mama aliyevaa gauni jeupe, na sitawapinga sana, kwa sababu picha hizo ni nzito mkononi na zinaeleza kile ambacho mwili wa Michael ulikuwa unatosha kukieleza. Lakini chini ya farasi huyo kuna jambo ambalo filamu za wauaji wa visu hulikwepa kwa desturi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huwa tunaisema methali hii kama faraja: afadhali adui wa nyumbani, atakubakiza. Zombie aliichukua faraja hiyo, bila shaka bila kuijua, akauliza kinachobakizwa kinafanana na nini. Michael ni kaka wa Laurie, hakumla akamaliza. Kilichobaki ni msichana mwenye nywele chafu, anayemeza vidonge, anayeota jinamizi lilelile, anayekwenda kwa mshauri na kutoka na hasira zaidi, na anayemfokea Annie, rafiki aliyenusurika pamoja naye na sasa anaishi naye nyumba moja.

Mashabiki walisema Laurie huyu hapendeki. Hapendeki, naam. Scout Taylor-Compton anamwigiza bila kuomba huruma hata kidogo, na katika toleo la mwongozaji ni mkali zaidi kuliko katika lile la sinema. Zombie amesogeza kamera yake, ile isiyoweza kukaa mbali, kutoka kwa zimwi hadi kwa masalia ya zimwi, na ukaribu ambao ulituchosha tulipokuwa na wauaji sasa unatudai kitu. Loomis wa Malcolm McDowell naye amegeuzwa: daktari aliyekuwa sauti ya tahadhari mwaka 1978 ni mfanyabiashara anayezunguka kuuza kitabu juu ya vifo vya watu, na baba wa marehemu mmoja anamfuata kwenye meza ya kutia saini vitabu na picha ya binti yake. Laurie anagundua ukoo wake kwa kukisoma kitabu hicho. Maelezo, ambayo wapinzani walidai yanaua hofu, hapa yenyewe ndiyo yanayoua. Kisha Michael anafika kwa Annie. Zombie, mtu anayetuhumiwa kwamba hajui kugeuza kamera pembeni, anaigeuza. Mauaji yenyewe karibu hatuyaoni. Tunaona chumba baadaye, tunamwona Laurie akimkumbatia rafiki yake sakafuni, halafu Sherifu Brackett anaingia, Brad Dourif, baba mtu, na katika toleo la mwongozaji picha inakatwa na video ya zamani ya nyumbani ya Danielle Harris, mwigizaji wa Annie, akiwa mtoto kweli. Sijui filamu nyingine ya aina hii inayosimamisha kila kitu ili baba apate nafasi ya kulia.

Wapo watakaosema nimechagua dakika chache nzuri katika saa nyingi za kelele, na kwamba mwongozaji asiyejua kunyamaza hawezi kuitwa fundi wa kutisha. Jibu lipo katika The Lords of Salem, iliyooneshwa Toronto mwaka 2012 na kutoka mwaka uliofuata. Iligharimu kama dola milioni 1.5, fedha ndogo kwa Hollywood, na ni filamu ya ukimya. Heidi, mtangazaji wa redio katika mji wa Salem, mji ulio wilaya moja na Haverhill alikozaliwa Zombie, anapokea santuri isiyojulikana imetoka wapi. Inapochezwa hewani wanawake wa mji wanasimama kana kwamba wameitwa. Kuna korido ndefu ya nyumba ya kupangisha, mlango mwishoni wa chumba kisicho na mpangaji, na mtu ambaye labda yumo. Kamera inasubiri. Sheri Moon Zombie anaibeba filamu nzima mabegani, akimwigiza mwanamke aliyeacha dawa za kulevya na anayeanza kurudi huko taratibu huku wachawi wakimvuta, na mtazamaji hawezi kutenganisha uraibu na uchawi. Wanaolalamika kwamba mwongozaji humpa mkewe kila nafasi wana hoja katika baadhi ya filamu. Hapa hawana. Cha kusikitisha ni kwamba mashabiki wa damu waliokuwa wakimtetea waliiona inachosha, na wapenda umbali wengi hawakuja kuitazama, kwa sababu jina lake lilikuwa limeshawafukuza.

Kuna lawama mbili ambazo sina la kumtetea. Ya kwanza ni mazungumzo: wahusika wake wengi hutukana kwa mdomo mmoja, mama, polisi, muuguzi na muuaji, hata sikio haliwezi kuwatofautisha, na hilo ni uvivu wa uandishi. Ya pili ni nzito zaidi. Katika toleo refu la Halloween ya 2007, Michael anatoroka hospitalini baada ya wahudumu wawili kumbaka mgonjwa wa kike ndani ya chumba chake. Mwanamke huyo hana jina la kukumbukwa, hana kabla wala baada; mateso yake ni ufunguo wa mlango tu. Toleo la sinema lilimtorosha Michael kwa njia nyingine, na halikupungukiwa kitu. Mwongozaji ambaye sifa yake ni kumkaribia mtu hapa amekaribia mwili na kumwacha mtu, na mashabiki wa kike waliotoka kwenye tukio hilo wakiapa kutomtazama tena hawahitaji kuambiwa kwamba hawaelewi filamu za kutisha. Wanazielewa vizuri sana.

Mwaka 2018 David Gordon Green alitoa Halloween yake, akafuta kila kilichotokea baada ya 1978, udugu wa Laurie na Michael ukiwemo, na kuvuna zaidi ya dola milioni 255 duniani. Ilisifiwa kwa kumwonesha Laurie, Jamie Lee Curtis mwenyewe, akiwa mama aliyeharibiwa na usiku mmoja wa ujana wake. Sifa hizo aliwahi kuzistahili mtu mwingine miaka 9 kabla, na waliomnyima wana sababu ambayo wenyewe hawajaitamka. Maumivu ya Laurie wa Green yamegeuka kuwa maandalizi: nyumba yenye mitego, bunduki ukutani, binti aliyefunzwa kulenga shabaha. Yanafaa kitu, na filamu inapomalizika tunaona yamefaa. Laurie wa 2009 hana bunduki wala mpango. Ana vidonge, ndoto, na Annie aliyekwisha kuchoka kumvumilia lakini bado anamfungulia mlango.